Chuma cha Springi, Mafuta ya Chapati

Kisu changu cha kwanza nilikitengeneza kwa chuma cha dirisha, nikakizimishia kwenye oili chafu ya gari, Jumamosi alasiri, chini ya kamba iliyoanikwa nguo za kanisa za kesho yake. Anayetaka kujua mtu aliyefika kidato cha nne anaweza kukosea mara ngapi kwa mkupuo mmoja, aanzie hapo.

Chuma chenyewe kilikuwa kipande cha grili kilichoachwa na mafundi nyuma ya choo cha ploti yetu ya vyumba vya kupanga hapa Kangemi. Nilikigonga nyundo, nikakisugua kwa tupa mpaka kikang'aa kama kisu cha kwenye kalenda. Nikakipasha moto kwenye jiko la makaa, nikipuliza kwa draya ya nywele ambayo mteja wangu aliileta itengenezwe akasahau kuirudia. Kilipokuwa chekundu, nikakitosa kwenye kopo la oili niliyoomba kwa fundi wa magari. Nilikuwa nimesikia kwamba chuma chekundu kikitoswa ghafla kwenye mafuta kinakuwa kigumu. Sikuwa nimesikia habari za moshi. Na si moshi wa kuni, ule wa kukutoa machozi ukaendelea na hadithi zako. Ni moshi mweusi, mzito, una mafuta ndani yake, na hupanda polepole kama mtu mnene anayepanda ngazi. Ukifika juu unatafuta kitu cheupe cha kukalia.

Juu kulikuwa na gauni na kitambaa cha kichwa, sare ya akina mama wa kanisa, mali ya jirani yangu wa mlango wa pili. Alitoka akiwa bado ameshika mwiko wa ugali.

"Wewe mzee! Unachoma nini hapa? Unachoma shetani?"

"Natengeneza kisu, mama."

"Kisu ya nini?"

"Ya mama yako hapa." Nikaonyesha mlango wangu, maana jirani na mke wangu huitana mama, kila mmoja mama wa mwenzake, na mimi huingia katikati hapo nikijificha.

Akanitazama, akaitazama nguo yake. "Na sabuni unatengeneza lini?"

Kesho yake alienda kanisani na kitenge, katikati ya wenzake weupe kama maziwa, na kila aliyemuuliza alielezwa sababu, jina la ploti na namba ya mlango. Mpaka leo kuna watu wa kanisa hilo wakipita hapa hunusa hewa kwanza.

Hayo yote ningeyavumilia kama kisu kingekuwa kisu. Jumapili jioni mke wangu alikichukua akakijaribu kwenye kabichi. Kikaingia kidogo, kikafikiri, kikapinda. Akakiinua juu kwenye mwanga wa dirisha.

"Baba, hiki ni kisu ama ni upawa?"

Tulicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta kwa mkono wa kushoto, na katikati ya kicheko hicho kisu kikaanguka kutoka mkono wa kulia. Hakukitupa. Kilianguka chenyewe, vidole vilikuwa vimefunguka na yeye hakuwa na habari. Alibaki anautazama mkono ule kama mtu anayemtazama mtoto wa kwake aliyejibu vibaya mbele ya wageni. Mimi niliinama haraka nikakiokota, nikasema sakafu hii inateleza, kana kwamba visu huanguka kwa sababu ya sakafu.

Basi niseme habari ya mkono, kwa maana yote yanatoka huko.

Mke wangu ana meza ya mboga sokoni, kando ya barabara kubwa ya Waiyaki. Anauza sukuma wiki, managu, kunde, saga, na siku mvua ikikubali, mrenda. Anayepita jioni akitoka kazini Westlands au Lavington hataki sukuma ya majani. Anataka iliyokatwa, nyembamba kama nyuzi, akifika nyumbani anaosha, sufuria iko motoni. Na mteja wa Nairobi ana macho: ukimkatia nene anakwambia yeye si ng'ombe, anahamia meza ya pili. Kwa hiyo mama wa mboga anauza mkono wake kwanza, mboga baadaye. Wa kwangu alikuwa na mkono wa kusifiwa. Kuna watu walikuwa wanashuka kituo kimoja kabla ya chao ili wakatiwe na yeye.

Ganzi ilianza kwa kidole gumba cha kulia, ikaazima cha pili, ikaazima cha tatu. Mwanzo ilikuwa inakuja asubuhi na kuondoka na chai. Baadaye ikawa inakaa mpaka mchana. Akawa hawezi kufunga kifungo cha blauzi. Ananigeukia, nami nafunga. Akawa anaunguza vidole kwa sufuria asijue, tunajua kwa harufu. Visu vyake navyo vilikuwa butu, vile vya bati la msumeno ambavyo hunolewa kwa jiwe la ukingo wa barabara, na kisu butu kinataka kusukumwa. Alikuwa anasukuma kwa mkono mzima mpaka kwenye bega, tangu saa tisa mpaka giza linapoingia.

Tulienda hospitali kubwa kule Upper Hill. Hapo Upper Hill napajua. Niliwahi kuwa tarishi wa ofisi moja, na tarishi ni mtu aliyepewa miguu na kampuni. Siku kampuni ilipoamua kwamba barua sasa zitakuwa zinatembea zenyewe kwenye kompyuta, nilirudi nyumbani nikakaa chini, na niseme ukweli, nikapenda. Nikaanza kutengeneza redio, pasi na feni za watu hapa hapa chumbani. Nina kiti kimoja kimeshika umbo langu. Sokoni ni hatua chache tu, lakini kelele za pale, jua la pale, wanaume wa pale wanaokuuliza siku hizi uko wapi! Nilikuwa nimepanga kutofika.

Daktari alikuwa kijana mpole. Aligonga kifundo cha mkono wa mke wangu kwa vidole viwili, akauliza shoti, ile kama ya umeme, inafika wapi. Akaeleza kwamba kuna mshipa wa fahamu unaopita hapo katika njia nyembamba, na kazi ya kukata kila siku imeubana. Akasema mkono upumzike. Ukipumzika, pengine utarudi. Usipopumzika, itabidi kupasua, na ikichelewa sana hata kupasua hakurudishi kila kitu.

Mke wangu akamwambia, "Daktari, mkono ukipumzika, na tumbo litapumzika?"

Daktari akacheka kidogo, kisha akasema, "Basi mtu wa nyumbani amsaidie kukata." Akanitazama.

Ukutani kulikuwa na picha ya mifupa ya mkono. Nikaitazama picha ile kwa makini sana. Mfupa mmoja una umbo la mashua ndogo. Sijawahi kusoma kitu kwa bidii namna ile tangu mtihani wa kidato cha nne.

Ni hapo, mbele ya picha ile, nilipopata wazo. Kisu kikiwa kikali, si hakitasukumwa? Kisiposukumwa, si mkono utapumzika ukiwa kazini? Niliona nimempita daktari. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeamua kumtengenezea mke wangu kisu kikali kuliko vyote vya Kangemi, bila mimi kutoka ploti. Ya grili, moshi na gauni mmeshaisikia.

Baada ya kisu kile cha upawa niliamua kusoma. Kwenye video za simu nilimpata mzungu mmoja mwenye ndevu na karakana kubwa kuliko ploti yetu pamoja na ya jirani. Ana mashine ya kusaga, mashine ya kugonga, mashine ya kupoza, na mbwa. Alisema anayeanza asijitese na vyuma vya kifahari. Achague chuma kisicho na mambo mengi, kinachomsamehe mwanafunzi. Chuma cha dirisha, akasema, si cha kusamehe wala kuadhibu. Hakina kitu ndani. Ukipashe moto, ukizimishe, ukiombee, kitabaki laini vile vile. Niliona kama ananisema mimi.

Nikauliza kwa fundi wa kuchomelea vyuma aliye nje ya geti letu, kijana wa miraba minne anayevaa miwani ya jua badala ya ngao.

"Niaje mzee. Sasa unataka chuma ya kisu? Chukua tupa mzee. Tupa ni ngumu, mzee, tupa inakula chuma ingine!"

Hoja ilikuwa nzuri. Nilikuwa na tupa kuukuu iliyokwisha meno. Nikaifanya kisu, nikaipasha moto, na kwa kuwa oili nimeshaiogopa na gauni bado lilikuwa na ramani nyeusi mgongoni, nikatumia maji. Kwenye ndoo kulisikika mlio mdogo, tik, kama mtu anayevunja kucha. Nilipokitoa kilikuwa na ufa kutoka makali mpaka mgongoni. Nilikigusa kidogo ukingoni mwa ndoo, nikabaki na nusu.

"Si nilikwambia ni ngumu," yule fundi akasema, akiwa hana aibu hata kidogo.

Mzungu wa ndevu alikuwa ameyasema, mimi nilikuwa nimeruka sehemu hiyo nifike penye cheche. Maji hupoza chuma kwa ukali mno. Mafuta hupoza kwa haraka lakini kwa adabu. Na chuma cha kuanzia, akasema, ni kile cha springi ya gari. Kimezoea kupigwa na barabara. Hata ukikosea moto kidogo, hata ukichelewa kidogo, hakipasuki kwa hasira. Hapo nilimwelewa. Chuma kilichokaa chini ya pikapu kwenye barabara zetu kina subira ya ndoa.

Springi ilipatikana kwa muuza vyuma chakavu upande wa pili wa barabara, jani moja la springi ya nyuma, lenye kutu na tope. Lilikuwa nene mno kwa kisu cha mboga, hivyo fundi wa miwani akanikatia ukanda kwa grainda na kuupunguza mpaka ukawa mwembamba. Alinionyesha pia cheche zake: za grili zilikuwa ndefu na tupu, za springi zilikuwa zinapasuka mwishoni kama maua. "Hii iko na kitu ndani," akasema. Safari hii alikuwa sahihi, nikamsamehe ya tupa.

Yakabaki mafuta. Yule mzungu alitaja mafuta ya mimea fulani ambayo sijawahi kukutana nayo, nikajiambia hapana, mtu mwenye nia hutafuta mafuta yaliyoandikwa kazi yake. Nikafanya jambo nililokuwa sijafanya muda mrefu: nikaenda mjini. Niliingia duka moja kubwa la vifaa kule chini, lenye watu watatu nyuma ya kaunta na mteja mmoja anayeegemea kila kitu. Nikasema nataka mafuta ya kuzimishia chuma.

"Ni ya gari gani?" muuzaji akauliza.

"Si ya gari. Ya kuzimishia chuma kikiwa chekundu."

"Chuma ya gari gani?"

"Ya kisu."

Wakatazamana. Mmoja akatoka nyuma akaja kuniona vizuri. "Mzee, mafuta hapa ni ya aina mbili. Ya kuweka kwa injini na ya kuweka kwa giaboksi. Ya kisu labda uulize pale mbele, kwa wanaouza chipsi."

Alikuwa ananidhihaki, lakini nilirudi nyumbani na maneno yake, na kumbe ndiyo yaliyokuwa jibu. Mafuta ya kupikia, haya ya kupima ambayo tunanunua kwa chupa dukani, ndiyo yale yale aliyokuwa anasema yule wa ndevu kwa jina la kwao. Hayana sumu, moshi wake ni mwepesi, yanazimisha springi vizuri. Sharti moja tu: yapashwe joto kidogo kwanza, kiasi cha maji ya kuogeshea mtoto, kwa sababu mafuta baridi ni mazito na hayakikumbatii chuma.

"Hayo ni mafuta ya chapati," mke wangu akasema aliponiona nayamimina kwenye kopo refu.

"Utapata chapati."

"Zenye kutu?"

Alikuwa amekaa kwenye kigoda anakanda kifundo chake kwa mkono wa kushoto, anapanda na kushuka, anapanda na kushuka, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Nilimwona. Niseme wazi kwamba nilimwona, na nilichofanya ni kuongeza makaa.

Nilitoa sumaku kwenye spika ya redio iliyokufa. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yangu: chuma kikifika joto la kuzimishwa, sumaku haikishiki tena. Nilikuwa nakitoa, nakigusisha, inashika. Nakirudisha, nakitoa, inashika. Mpaka mara moja sumaku ikagusa ikaachia, kama watu wawili waliowahi kujuana. Nikakitosa kwenye mafuta, wima, bila kukiyumbisha. Kikachemka, kikanung'unika, kikanyamaza. Ploti nzima ikanukia mandazi. Mlango wa pili ukafunguka.

"Leo mnapika nini?" jirani akauliza kwa sauti laini ambayo sikuwa nimeisikia tangu ile Jumamosi.

"Kisu."

Akafunga mlango. Lakini kwanza alichungulia kamba.

Tupa mpya ilipopita juu ya makali iliteleza kama kwenye kioo. Kilikuwa kigumu. Kigumu mno, bado. Kisu kikitoka kwenye mafuta ni kama mtu aliyetoka kugombana, ukimgusa anavunjika. Inabidi apoozwe kwa moto mdogo. Nikajaza sufuria mchanga, nikaipasha moto jikoni, nikazika kisu ndani, nikawa nakitazama kila mara mpaka chuma kilichosuguliwa kikapata rangi ya majani makavu ya mahindi. Nikakitoa. Nikakipigia mpini wa mti wa jakaranda uliokatwa na watu wa barabara. Nikakinoa kwa jiwe, kisha kwa mkanda wa suruali niliyokuwa navaa nikiwa tarishi. Kiliponyoa nywele za mkono wangu bila kelele, nilikaa kwenye kiti changu nikahisi kitu ambacho sikuwa nimehisi tangu siku ya mshahara wa mwisho.

Mke wangu alikipokea kwa mikono miwili.

"Miaka yote hii sijawahi kupewa ua," akasema. "Leo nimepewa kisu. Ni onyo ama ni zawadi?"

"Jaribu kitunguu."

Akajaribu. Kitunguu kilifunguka kama kilikuwa kinangoja kuulizwa. Akakigeuza kisu huku na huku. "Hiki kinaenda chenyewe," akasema. "Hakingojei nikiambie."

Mimi nilisikia sifa. Nilimwandalia hata ala ya ngozi ya kiatu. Asubuhi yake akaenda nacho sokoni, na mimi nikarudi kwenye pasi ya mteja, nikiimba.

Mke wangu na jirani walirudi mchana, saa ambayo hakuna mtu wa soko hurudi. Niliona kwanza leso ya jirani, maana jirani anauza omena meza inayofuatana na ya mke wangu, kisha nikaona leso hiyo haiko kiunoni mwake. Ilikuwa imefungwa mkono wa kushoto wa mke wangu, na chini ya leso kulikuwa na bandeji nyeupe ya kliniki ya pale kituo cha matatu.

"Kidole gumba," jirani akasema kabla sijauliza. "Wameshona. Hakikukatika, washukuriwe waliokuwa karibu."

Mke wangu akakaa kitandani. Alikuwa na rangi ya unga. "Kisu ni kizuri sana, Baba," akaniambia, na alikuwa anasema kweli, alikuwa ananitetea. "Si kisu. Ni mkono umezoea kusukuma. Nilisukuma tu vile nasukumanga. Kikapita mboga, kikaendelea."

"Hukusikia unasukuma?"

"Sikusikia."

Jirani akakunja ngumi yake ya kushoto mbele ya uso wangu, kana kwamba mimi ni mgeni wa nchi hii. "Si sukuma inakunjwa hivi? Inashikwa kwa ngumi hivi? Na kisu inapita hapa mbele ya kidole? Kwani wewe huwa unakula ikitoka wapi?"

Nilikuwa nimemwona akikata sukuma siku zote za ndoa yetu. Hakuna kibao. Majani hukunjwa pamoja kama mkeka, yakabanwa kwa ngumi ya kushoto, na kisu hupita hewani mbele ya ngumi ile, karibu na ngozi, tena na tena, vipande vikianguka kwenye beseni. Ngumi ndiyo kipimo na ngumi ndiyo breki. Visu vyake butu vilikuwa vinafika kidoleni vikiwa vimechoka. Changu hakikuchoka. Yule mzungu wa ndevu hukatia nyanya kwenye ubao mkubwa wa mti, na mimi, mume wa mama wa mboga, nilikuwa nimenoa kisu cha ubao. Nilijua ni rangi gani ya chuma inatosha, nilijua mafuta yawe na joto gani, na sikuwa nimejiuliza mkono ule unashikaje. Mkono ambao nilikuwa naufungia vifungo kila asubuhi.

Kisu kilikuwa mezani. Jirani alikuwa amekipangusa, akakirudisha kwenye ala yake ya ngozi ya kiatu. Mke wangu ameweka mikono yote miwili mapajani, wa kushoto umefungwa kama mtoto mchanga, wa kulia umelala wazi, vidole vitatu vimejikunja kidogo bila yeye kuvituma. Nikaona anajaribu kuvinyoosha. Viwili vikaitika. Cha tatu kikakaa.

Mimi nikiogopa nina ugonjwa mmoja: naanza kueleza.

"Nitakirekebisha," nikasema. "Nikikirudisha kwenye mchanga kikae sana motoni kitakuwa laini kidogo. Ama nitengeneze kingine, kuna kipande cha springi kilichobaki, hicho nisikinoe sana, mgongo uwe mnene. Mafuta bado yapo. Shida ilikuwa makali tu, unajua makali ukipunguza—"

"Baba," mke wangu akasema polepole, si kwa hasira.

Jirani alikuwa tayari mlangoni. Omena yake ilikuwa imeachiwa mtu wa viazi, na mtu wa viazi hajui bei ya omena. Alikuwa ameshika ndoo tupu ya mke wangu kwa mkono mmoja. Alinitazama kwanza mimi, kisha kiti changu, kisha tena mimi, akachukua kisu pale mezani akaninyooshea kwa upande wa mpini, na akasema:

"Wacha kutuambia mambo ya chuma, mzee. Mkono mmoja hausikii, ule mwingine umeshonwa. Hapa kwa nyumba mikono mizima ni yako peke yake. Beba hiyo kisu yako twende, kuna watu wamepanga laini wanangoja sukuma."